Kujaribu kwa Kura

Mnunuzi wa nafaka aliye mwerevu hatosheki na kutazama mdomo wa gunia. Huchukua bambo, kile chombo cha chuma chenye ncha kali na mfereji ndani yake, akalichoma gunia ubavuni na kutoa punje za katikati. Kisha huchoma tena chini, na tena mahali pengine asipopatarajia mwuzaji. Punje za juu huenda zimechaguliwa. Za katikati hakuna aliyezipamba. Mnunuzi hajui uozo u wapi, na kwa kuwa hajui, huchoma popote mkono wake unapoangukia. Hekima hii ni ya kale, nayo haikungoja shule. Lakini wataalamu wa kompyuta, watu wenye elimu nyingi, walitumia miaka mingi kuifikisha katika kazi yao. Historia ya safari yao yastahili kusomwa na kijana yeyote ambaye kesho atatengeneza kitu kitakachotumiwa na wenzake.

Kompyuta ni mashine inayofuata amri. Amri hizo zikipangwa kwa utaratibu huitwa programu, nazo huandikwa kwa lugha maalumu zilizobuniwa kwa kazi hiyo. Mashine haina akili ya kusahihisha amri mbovu. Ikiamriwa vema hutenda vema, na ikiamriwa vibaya hutenda vibaya kwa bidii ile ile na kwa upesi ule ule. Kwa hiyo kosa dogo la mwandishi mmoja, aliyeketi chumbani mwake katika nchi ya mbali, laweza kumfikia mtu ambaye hajamwona wala hatamwona maisha yake yote.

Kati ya mwaka 1985 na mwaka 1987 makosa ya namna hiyo yalitoa roho za watu. Kulikuwa na mashine iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa nchini Kanada kwa ajili ya kutibu saratani kwa miali. Wagonjwa sita katika hospitali za Kanada na Marekani walipigwa na miali mikali kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwa majeraha hayo. Wachunguzi walipotafuta sababu waliona, miongoni mwa dosari nyingine, kwamba hatari ilitokea mwendeshaji alipoandika aina ya matibabu, akagundua kuwa amekosea, akarudi kusahihisha, akamaliza kabla ya sekunde 8 kupita. Kila tendo kati ya hayo lilikuwa la kawaida. Kuandika ni kawaida, na kusahihisha ni kawaida. Yalipofuatana kwa mpango ule na kwa upesi ule, mashine ilitoa miali huku sehemu zake hazijakaa mahali pake. Mwendeshaji mgeni, mwenye vidole vizito, hakukutana na hatari hiyo. Ilimngoja yule aliyekwisha kuizoea kazi.

Msomaji atauliza: je, mashine hizo hazikujaribiwa? Programu hujaribiwa daima kabla ya kutumiwa, lakini neno kujaribu lina maana nyingi. Njia iliyozoewa zamani, na ambayo ingali yatumika mahali pengi, ni hii. Mwandishi wa programu hutunga mfano, hutaja jibu analolitarajia, kisha huitazama mashine kama italitoa. Akiwa ameandika programu ya kupanga majina kwa alfabeti, huitilia majina matatu na kuona kama yanatoka yamepangwa. Jambo hilo ni jema, wala hakuna anayelidharau. Kasoro yake ni kwamba mwenye kuuliza na mwenye kuulizwa ni mtu mmoja. Wahenga wetu walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mtu aliyesahau, alipokuwa akiandika programu, kwamba huenda orodha ya majina ikawa tupu, au kwamba huenda majina mawili yakafanana, aghalabu atasahau jambo lilo hilo atakapokuwa akitunga mifano ya kuijaribu. Upofu uliozaa kosa ndio huo huo unaolificha.

Mwaka 1969 mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliwaonya wenzake kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kuwa halipo. Onyo hilo lilikuwa la kweli, nalo liliwaachia watu njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuacha kujaribu na badala yake kuthibitisha, kama wanafunzi wanavyothibitisha kanuni za pembetatu katika somo la jiometri. Njia ya pili ilikuwa kujaribu kwa namna iliyo bora zaidi. Ili tuelewe njia hii ya pili hatuna budi kwanza kurudi nyuma na kutazama vitu viwili vilivyoiwezesha, navyo ni kura na lugha ya mabano.

Tuanze na kura. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mtaalamu wa hesabu mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa mkali. Kwa kupitisha wakati alicheza karata peke yake, akataka kujua mara ngapi kati ya mara mia mchezo ule huweza kumalizika kwa ushindi. Alijaribu kulipata jibu kwa hesabu, hesabu ikawa ndefu mno. Ndipo alipowaza kwamba ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Alimweleza wazo hilo rafiki yake John von Neumann, ambaye aliona upesi kwamba mashine mpya za umeme zingeweza kupiga kura maelfu bila kuchoka. Mwenzao Nicholas Metropolis aliipa njia hiyo jina la Monte Carlo, mji wa Monaco uliojulikana kwa michezo ya kamari, na mwaka 1948 mashine iitwayo ENIAC iliitumia kufanya hesabu za silaha za nyuklia. Haya hayakuwa maisha ya amani, lakini elimu iliyotoka humo imetumika baadaye katika mambo mengi ya amani.

Kazi hiyo ilihitaji namba za nasibu, yaani namba zisizofuata mpango wowote unaotambulika. Mwaka 1955 shirika la RAND la Marekani lilichapa kitabu kizima chenye tarakimu milioni moja za namna hiyo, zilizotolewa na chombo cha umeme kilichofanya kazi mfano wa gurudumu la kamari. Hata hivyo kitabu hakifai kwa mashine yenye haraka. Basi wataalamu wakabuni kanuni za hesabu ambazo, zikianzishwa kwa namba moja, huzalisha mfululizo mrefu wa namba zinazofanana na kura. Ile namba ya kwanza huitwa mbegu. Mbegu ile ile huotesha mfululizo ule ule daima, na jambo hilo lililoonekana kama udhaifu likawa baraka kubwa baadaye. Maana mtu akiona mashine imeanguka kwa kura fulani, akiwa ameiandika mbegu, aweza kuirudia ajali ile ile mara nyingi apendavyo hata aielewe. Lakini si kila kanuni inayojiita ya nasibu ni ya kuaminiwa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilieneza kanuni iitwayo RANDU. Namba zake zikichukuliwa tatu tatu na kuwekwa kama nukta katika nafasi, zote huangukia katika matabaka 15 tu, mfano wa kurasa za kitabu zilizopangwa sambamba, na kati ya kurasa hizo hakuna kitu. Aliyedhani anachoma bambo popote gunini kumbe alikuwa akichoma mahali pale pale.

Sasa tutazame lugha ya mabano. Mwaka 1958 John McCarthy, mwalimu katika chuo cha MIT huko Marekani, alianza kubuni lugha ya kompyuta aliyoiita Lisp, na mwezi wa Aprili 1960 alichapisha makala ya kuieleza. Mwenzake Steve Russell aliona kwamba kanuni moja iliyomo katika nadharia ya McCarthy yaweza kuandikwa iwe programu ya kweli, akaiandika kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Na hivyo lugha iliyokuwa karatasini ikapata uhai. Katika Lisp kila kitu hutiwa ndani ya mabano, na kitendo hutangulia. Mtu atakaye kujumlisha 2 na 3 huandika (+ 2 3). Orodha ya namba nne, tisa na moja huwa (4 9 1). Tazama, msomaji, jinsi amri na orodha zilivyovaa nguo moja. Amri yenyewe ni orodha, na programu nzima ni orodha ya orodha. Kwa hiyo ni rahisi kuandika programu inayounda vitu vya kutilia programu nyingine, kwa kuwa vyote hujengwa kwa umbo moja. Zaidi ya hayo, Lisp iliwafundisha watu kuandika kazi za kompyuta kama zilivyo kazi za hesabu, yaani ukitia kitu kile kile upate jibu lile lile, pasipo kutegemea siri iliyofichwa mahali pengine. Kitu cha namna hiyo huhojiwa kwa urahisi.

McCarthy mwenyewe alielekea ile njia ya kwanza. Mapema katika miaka ya 1960 alifundisha kwamba inafaa programu zithibitishwe, na uthibitisho wenyewe ukaguliwe na mashine. Robert Boyer na J Strother Moore walianza kuitenda ndoto hiyo mwaka 1971 huko Edinburgh, nchini Scotland, kwa kuandika programu inayothibitisha ukweli wa programu zilizoandikwa kwa namna ya Lisp. Tutakutana nao tena. Kwa sasa na tufuate njia ya kura.

Kura zilipoanza kutumika kuwajaribia waandishi wa programu, kikwazo kilikuwa kimoja. Mashine yaweza kutunga maswali elfu kwa nukta moja, lakini ni nani atakayesema kama majibu ni sahihi? Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1988, Barton Miller, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikuwa akitumia kompyuta ya chuo kwa njia ya simu, na nje kulikuwa na dhoruba. Ngurumo na radi zilivuruga waya, herufi za ovyo zikaingia katika amri zake, na programu alizozitumia zikaanguka moja baada ya nyingine. Miller hakuishia kulalamikia hali ya hewa. Aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika programu ya kutoa herufi za ovyo kwa makusudi na kuzitupia programu za kila siku za mfumo wa Unix. Taarifa yao ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya programu zilizojaribiwa zilianguka au zilikwama. Haya yalikuwa maajabu, kwani zilikuwa programu zilizozoewa na kuaminiwa. Lakini jaribio la Miller liliuliza swali moja tu: je, programu imesimama au imeanguka? Programu iliyosimama imara huku ikitoa jibu la uongo ilipita salama.

Jawabu la tatizo hilo lilitoka Sweden. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes, wa chuo cha Chalmers katika mji wa Göteborg, walitangaza chombo walichokiita QuickCheck. Walikiandika kwa lugha ya Haskell, ambayo haina mabano mengi ya Lisp lakini hufuata ile desturi ya kuandika programu kama kazi za hesabu. Wazo lao laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwandishi asitaje jibu la kila swali. Ataje sifa ambayo kila jibu halina budi kuwa nayo. Kisha mashine ipige kura, itunge maswali yenyewe, mia moja kwa kawaida, na kila mara itazame kama sifa ile imetimia. Likitokea jibu moja lisilo na sifa hiyo, dai limevunjika.

Tuchukue mfano, nasi tuuandike kwa mabano ya Lisp, ambamo mtu huruhusiwa kuita kazi zake majina ayapendayo. Tuseme tumeandika kazi iitwayo geuza, ambayo hupokea orodha na kuirudisha mwisho mbele, hata (1 2 3) iwe (3 2 1). Ni sifa gani isiyoweza kukosekana? Mmoja atasema kwamba orodha ikigeuzwa mara mbili hurudi ilivyokuwa. Huandikwa hivi:

(= orodha (geuza (geuza orodha)))

Hapa hatukutaja orodha yoyote. Tumesema habari ya orodha zote, fupi na ndefu, zenye namba zinazofanana na zisizofanana, pamoja na ile tupu ambayo mwandishi huisahau. Mashine hupiga kura, huleta orodha mia, nazo zote hupita. Je, tufurahi? La, tungoje kwanza. Fikiri habari ya mwandishi mvivu ambaye kazi yake ya kugeuza haifanyi lolote, bali hurudisha orodha kama ilivyoingia. Orodha isiyoguswa mara mbili hubaki ilivyokuwa, na kwa hiyo mvivu huyo amefaulu mtihani wetu mara mia kwa mia! Kosa si la kura. Kosa ni la sifa tuliyoitaja, maana ilikuwa ya kweli lakini haikutosha. Yatupasa kuongeza nyingine. Ukiunganisha orodha mbili, a na b, kisha ukazigeuza pamoja, utapata sawa na kugeuza b kwanza, ukaifuatisha na a iliyogeuzwa:

(= (geuza (unganisha a b)) (unganisha (geuza b) (geuza a)))

Sasa mvivu amenaswa. Tuseme kura imeleta a iliyo (7 0 12 3) na b iliyo (5 5 41). Kwake upande wa kwanza huanza na 7, na wa pili huanza na 5, nazo haziwezi kuwa sawa.

Mfano unaovunja dai huitwa mfano wa kukanusha, na kwa kawaida hutoka ukiwa mrefu na wenye takataka nyingi, kwa sababu umetoka katika kura. Mtu akipewa orodha yenye namba mia iliyoangusha programu yake, hajui ni namba ipi iliyoleta balaa. Kwa hiyo chombo kama hiki hufanya kazi ya pili baada ya ile ya kwanza. Huondoa kipande kimoja cha mfano, hujaribu tena. Kama programu ingali yaanguka, kipande kile hakikuwa na hatia, basi hutupwa. Huondoa kingine, hupunguza namba kubwa kuwa ndogo, na huendelea hivyo hata isiwezekane kupunguza zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Kwa mvivu wetu gogo lile huishia kwa a iliyo (0) na b iliyo (1), namba mbili tu, na hata mtoto aweza kuona kwamba (0 1) si sawa na (1 0). Kura hulipata kosa, na kuchonga hulifanya lieleweke.

Chombo cha Göteborg kilizaa watoto katika lugha nyingi, na jamaa ya Lisp haikuachwa nyuma. Mwaka 2007 Rich Hickey alikuwa ametangaza lugha ya Clojure, mjukuu wa Lisp mwenye mabano yale yale, inayosisitiza vitu visivyobadilika baada ya kuundwa. Mwaka 2013 Reid Draper aliiandikia chombo cha kujaribu kwa kura, ambacho mwaka uliofuata kiliingia katika hazina ya Clojure yenyewe kwa jina la test.check. Humo chemchemi za nasibu huunganishwa kama matofali. Mwenye chemchemi ya namba na chemchemi ya majina aweza kujenga chemchemi ya orodha za namba, au ya daftari zima la wateja na madeni yao. Mwaka 2016 watu wa Clojure walisonga mbele hatua nyingine kwa kutoa clojure.spec, ambayo mtu akiisha kueleza umbo la kitu anachokitarajia, kwa maelezo yayo hayo mashine hupata chemchemi ya kukizalisha. Yale mabano ya McCarthy, yaliyovika amri na orodha nguo moja, yalikuwa yameandaa mahali hapa tangu mwaka 1960.

Hatua iliyowafaa watu zaidi ilikuwa kupigia kura vitendo badala ya namba peke yake. Mashine huamriwa itunge mfululizo wa vitendo, kama vile fungua, andika, futa, funga, fungua tena, kwa mpango wowote, na baada ya kila kitendo hutazama kama sifa zilizotajwa zingalipo. Hifadhi ya habari iitwayo LevelDB, iliyoandikwa na watu wa kampuni ya Google, ilijaribiwa hivyo. Kura ikaonyesha kosa lililohitaji vitendo 17 vifuatane kwa mpango maalumu. Kosa likatengenezwa, kura ikapigwa tena, ikaonyesha jingine lililohitaji vitendo 31. Ni mtu gani angeketi na kutunga mfano wa vitendo 31? Hapa na tuwakumbuke wale wagonjwa wa Therac-25. Kuandika, kurudi, kusahihisha na kumaliza upesi ni mfululizo mfupi kuliko huo.

Mwaka 2006 Hughes na mwenzake Thomas Arts walianzisha kampuni iitwayo Quviq, na kati ya kazi zake ilikuwa kujaribu programu za magari kwa ajili ya Volvo. Kanuni zilizotakiwa kufuatwa zilijaza kurasa 3,000. Walipozigeuza kuwa sifa na kupiga kura, walipata matatizo yapata 200, na takriban nusu yake hayakuwa katika programu bali katika kanuni zenyewe. Waliotunga sheria walikuwa wamesema mambo yanayopingana, au wamenyamaza mahali palipotaka kusemwa. Kwa hiyo faida ya njia hii huanza kabla ya kura kupigwa. Mtu akilazimishwa kuandika wazi ni jambo gani lisiloweza kukosekana, mara nyingi hugundua kwamba yeye mwenyewe hakulijua.

Baada ya sifa zote hizi ni haki tutaje mpaka wa kura. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Virginia, aligundua kwamba kompyuta yake mpya yenye kitengo cha Pentium hukosea kugawanya. Mfano uliosifika ulikuwa kugawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi huanza 1.33382, lakini Pentium ilitoa 1.33373. Ukilizidisha jibu lile kwa 3,145,727 na kutoa katika namba ya kwanza, ingepasa ubaki na sifuri. Pentium ilibakiza 256. Sifa iliyovunjika ni ile inayojulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi, kwamba kuzidisha hurudisha kilichogawanywa. Hata hivyo kampuni ya Intel ilikadiria kwamba mtu achaguaye namba mbili kwa nasibu atakutana na kosa hilo mara 1 tu katika mara bilioni 9. Mwenye kupiga kura 1,000 kila sekunde, usiku na mchana, angeweza kungoja zaidi ya siku 100. Sifa ilikuwa njema, lakini uozo ulikuwa punje moja katika maghala mengi. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa sababu ya kosa hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mahali kama hapo ndipo njia ya kwanza ilipoonyesha thamani yake. Mwaka 1995 J Strother Moore, Tom Lynch na Matt Kaufmann walitumia ACL2, mrithi wa ile programu ya Edinburgh, iliyo yenyewe ya jamaa ya Lisp, wakathibitisha kwamba kazi ya kugawanya katika kitengo kipya cha kampuni ya AMD ilikuwa sahihi kwa namba zote zilizohusika, si kwa mia wala kwa bilioni. Lakini uthibitisho ni kazi ngumu na ya gharama, na mtu aweza kuhangaika siku nyingi akijaribu kuthibitisha dai lililo la uongo. Kwa hiyo mwaka 2011 wataalamu walieleza jinsi walivyoitia ACL2 chombo cha kupiga kura, ili kila dai lichomwe bambo kwanza. Likivunjika, mtu ameokolewa na taabu ya bure; likisimama, ndipo huanza kuthibitisha. Hivyo njia mbili zilizoachana tangu siku za McCarthy na Dijkstra zikakutana tena, tena ndani ya mabano yale yale.

Historia hii ina mafundisho kwa kila mtengenezaji, hata yule ambaye hataandika programu kamwe. La kwanza ni kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa kutosha wa kazi yake mwenyewe, kwa kuwa maswali yake hutoka mahali pale pale yalipotoka makosa yake. Hana budi kukaribisha maswali ya mgeni, na kura ni mgeni asiyempendelea wala kumwonea mtu. La pili ni kwamba kura peke yake haijui kitu. Yauliza tu, na ni juu yetu kusema jambo lipi ni la kweli daima. Aliyetaja sifa dhaifu atapata sifa za bure, kama yule mvivu aliyefaulu mara mia kwa mia. La tatu ni kwamba kufaulu mara mia hakumpi mtu haki ya kusema hakuna kosa. Humpa haki ya kusema kwamba ametafuta kwa uaminifu, na akaonyesha alikotafuta.

Mwanafunzi asidhani kwamba mambo haya yangoja mashine. Akiwa na zoezi la kugawanya mbele yake, aweza kulijaribu jibu kwa kuzidisha, bila kufungua kurasa za mwisho ambamo majibu yamechapwa. Akidai kwamba kanuni fulani ni kweli kwa namba zote, na aichukue hasi, na sifuri, na sehemu ya moja, na namba yoyote atakayotajiwa na mwenzake aliye upande wa pili wa dawati. Dai likivunjika, ameokoa mengi kwa hasara ndogo, na hasara hiyo ameipata darasani, ambako kosa halimdhuru mtu.